Dakika Kumi za Mgeni Rasmi

Kariakoo, Dar es Salaam
19 Novemba 2023

Mjomba Anselmi, shikamoo.

Natumaini barua hii imekukuta umekaa vizuri na miwani iko puani, si mfukoni. Huku sisi wazima. Joto limeshaanza kutuonyesha lilivyo, umeme unakatika unavyotaka, lakini tunakula na tunalala. Binamu Beno anakusalimu. Duka lake la zipu na vifungo halina hata pa kukanyaga, maana mafundi cherehani wote wa mji huu wamekumbuka kwa pamoja kwamba Krismasi inakuja. Mwambie mama ndizi zilifika. Zilizopondeka ni mbili tu, na Beno alizila hizo hizo.

Mama aliniambia masikio yako hayajapata nafuu na simu umeiacha kabisa, kwa sababu umechoka kupiga kelele bila kusikia unajibiwa nini. Pole sana, mjomba. Lakini kwa ubinafsi wangu nimefurahi, maana sasa utaniandikia kama zamani. Eliasi, konda wa basi la Moshi, amekubali kutubebea barua. Atakuwa anaziacha kwa mama, na wewe majibu yako mpe mama.

Sasa nije kwenye kilichonikalisha chini. Msimu umeisha. Oktoba nilikimbia kilomita ishirini na moja hapa mjini, nikawa wa tatu, kwa saa moja na dakika kumi na sita na sekunde ishirini. Watu walinipongeza, na Joyceline wa klabuni alinirukia shingoni mpaka tukaanguka wote wawili. Nilicheka nao. Nilipofika nyumbani Ilala nikaoga, nikakaa kitandani, nikalia kidogo, kwa sababu ni yale yale ya kila mwaka. Bado dakika mbili.

Unakumbuka ulivyokuwa unatuanzisha saa kumi na mbili kamili asubuhi, si dakika moja kabla wala baada? Ulisema huna haja ya saa ya kubonyeza. Mtu akianza kumi na mbili kamili, saa ya kawaida inamhesabia yenyewe: ikisoma saa moja na dakika kumi, ndiyo amekimbia saa moja na dakika kumi. Niliwaelezea hapa klabuni wakacheka, halafu kesho yake nikawakuta wanafanya hivyo hivyo. Basi mwaka 2015, kwenye Mbio za Mavuno pale Moshi, kilomita zile zile ishirini na moja, nikiwa na miaka ishirini na miwili, ulisimama kwenye mstari wa kumalizia ukanisomea saa moja na dakika kumi na nne. Waandaaji walitupa kadi za nafasi tu, muda hawakuandika, kwa hiyo muda wangu ni ule uliosema wewe. Ndio uliomfanya marehemu baba akubali nije Dar, na ndio uliouandika kwenye barua yako kwa kocha Khalfani. Mwaka uliofuata nikakimbia kumi na nane, na tangu hapo najikongoja kurudi nilikoporomoka. Misimu minane sasa, na ile kumi na nne sijaigusa tena.

Usidhani nalalamika tu. Mbio zimenipa mji huu na marafiki wote nilio nao, na zimenipa mapafu ya kupanda ghorofa tano za ghala la Beno bila kutweta. Alfajiri tukipita Gerezani kando ya barabara ya mabasi ya mwendokasi, wasukuma mikokoteni wanatupisha, na wale si watu wa kumpisha mtu. Mmoja huniita Mwalimu, sijui kwa nini. Nikisikia hivyo siku yangu nzima inakuwa njema.

Lakini kila mwisho wa Novemba kocha anatugawia karatasi. Upande mmoja tunaandika msimu umetufundisha nini, upande wa pili lengo la msimu ujao. Ya kwangu iko kwenye droo ya duka la Beno ninapofanya kazi, tupu. Nakaribia miaka thelathini na moja, mjomba. Nadhani kuna siku mtu anatakiwa akubali kwamba kilele chake kilishapita akiwa na miaka ishirini na miwili. Wewe ndiye uliyenianzisha, kwa hiyo wewe ndiye ninayekuuliza kama naruhusiwa kumaliza.

Nakusubiri kwa hamu,
mpwa wako Leticia


Kilema, Kilimanjaro
10 Desemba 2023

Mwanangu Leticia, marahaba.

Barua yako imenikuta nikiwa na afya ya kuridhisha. Miwani ilikuwa mfukoni, ila niliitoa kwa heshima yako. Mama yako Euphrasia hajambo na ameshaanza kugombana na watu wa kwaya kuhusu rangi ya sare. Kahawa mwaka huu imezaa vizuri. Mvua ilituchezea mwanzoni, kisha ikajirudi, ikanyesha siku nane mfululizo mpaka njia ya kwenda kanisani ikawa ya kuteleza kwa matako. Mke wangu Sophia aliteleza hivyo Jumapili iliyopita, amevaa kitenge kipya, na amenikataza kuandika habari hiyo.

Masikio yako vilevile. Daktari aliyatazama akasema mengi, nami sikusikia hata moja.

Kuhusu mbio. Usiache. Chukua hiyo karatasi uijaze. Andika lengo lolote, ila ile kumi na nne usiiweke humo. Mambo ya 2015 ni ya 2015. Barabara ilikuwa tofauti, hali ya hewa ilikuwa tofauti, na mtu hawezi kuishi anatazama nyuma. Kumi na sita na sekunde ishirini ni muda mzuri sana. Narudia ili unielewe, ni mzuri sana. Wewe ndiye mwanafunzi aliyenifanya nijione mwalimu, na kila Jumapili namshukuru Mungu kwa ajili yako. Ningeandika zaidi lakini mkono umechoka.

Mstari niliokata hapo juu usijaribu kuusoma.

Njoo Krismasi kama wenzako wote. Kuna jambo linafaa lisemwe ana kwa ana, hata kama majibu yako nitayasikia kwa shida.

Akubariki aliyekupa hiyo miguu,
mjomba wako Anselmi


Kariakoo, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mjomba, shikamoo, na heri ya mwaka mpya kwako na kwa mkaza mjomba Sophia. Mpe pole ya kitenge. Mimi sijui lolote.

Najua mmeninunia. Beno alifunga duka tarehe ishirini na mbili, Wachaga wote wa mtaa huu wakapanda mabasi kwenda nyumbani, nikabaki mimi na paka. Nilimwambia mama kwamba nimebaki kulinda duka. Wewe nakuambia ukweli: sikutaka kusimama nje ya kanisa watu waniulize kama bado nakimbia, na nimewahi kushinda nini. Mwenzenu nilipika pilau la mtu mmoja, nikalila siku tatu. Na ule mstari uliokata niliuinua dirishani niusome kwa mwanga. Nimeambulia neno "mgeni" tu. Ni mgeni gani?

Nimeamua, mjomba. Karatasi nilimrudishia kocha Khalfani ikiwa tupu. Aliitazama mbele na nyuma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Nitakimbia mara moja tu, tarehe 28 Aprili, nusu marathoni ya hapa mjini. Baada ya hapo nitabaki na duka, na Jumamosi nitawasaidia wasichana wadogo wa klabu. Sina kinyongo na mtu. Nilipata zaidi ya nilichotegemea, na wa kwanza wa kumshukuru ni wewe.

Wenzangu wamenishangaza. Wanachapisha fulana za kuniaga, thelathini nzima, na mgongoni inaandikwa LETICIA na muda wangu bora. Joyceline ndiye anayesimamia. Sasa fundi wa kuchapa anasema 1:14 peke yake inaonekana kama saa ya basi kuondoka, anataka na sekunde. Kwa hiyo naomba sekunde, mjomba. Kwenye barua yako kwa kocha uliandika dakika tu, lakini najua umeziweka mahali, wewe unayeandika mpaka tarehe kuku wako anapotaga. Nijibu mapema, kazi inapelekwa kwa fundi mwezi wa tatu.

Wako anayekushukuru daima,
Leticia


Kilema
4 Februari 2024

Mwanangu Leticia, marahaba.

Sisi wazima, mama yako mzima. Leo salamu ni fupi, kwa sababu nikizirefusha nitajificha ndani yake kama mara iliyopita.

Sekunde hazipo. Hata dakika hazikuwa za kweli.

Siku ile ya Mbio za Mavuno mlianzia kule juu, na mimi nilikuwa chini uwanjani kwenye mstari wa kumalizia. Wewe hukuwa na saa. Ilipofika kumi na mbili kamili nikawa tayari kuhesabu kwa mtindo wangu, kumbe mgeni rasmi hajafika. Unajua shughuli zetu, bila mgeni rasmi hata jua linaombwa lisubiri. Baadaye kipaza sauti cha uwanjani kikatangaza kwamba mgeni rasmi amefika na wakimbiaji wameachiwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Nikakasirika, kisha nikasema si neno, nitatoa dakika kumi. Ulipovuka mstari saa yangu ilisoma saa moja na dakika ishirini na nne. Nikatoa zile kumi za mgeni rasmi, nikapata kumi na nne, nikaruka kama mbuzi. Mchana ule ule nilimwonyesha baba yako hesabu yangu. Kabla wiki haijaisha barua ilikuwa njiani kwenda kwa Khalfani.

Baada ya wiki tatu, wewe ukiwa umeshafika Dar, nilialikwa kwa Vitalis kwenye kipaimara cha mwanawe. Vitalis ndiye aliyeshika bendera kule juu. Akawa anasimulia, watu wanacheka, kwamba wanawake walikuwa wanatetemeka kwa baridi, na waandaaji wakaona aibu, wakawaachia kabla mgeni rasmi hajafika. Mgeni rasmi alikuja kuwapungia bendera wanaume tu. Nikamuuliza wanawake waliondoka saa ngapi. Akasema saa kumi na mbili na dakika sita, na alikuwa na uhakika, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeandika.

Nilitoa kumi pale nilipotakiwa kutoa sita. Ulikimbia saa moja na dakika kumi na nane.

Sikusema. Baba yako alikuwa ameshatoa baraka baada ya mwaka mzima wa kukataa, na nilimjua, angekurudisha kwa basi la kesho yake. Hiyo ndiyo sababu ya mwaka wa kwanza. Ya miaka iliyofuata ni woga tu, sina neno jingine. Kila barua yako iliyosema "bado dakika nne", "bado tatu", "bado mbili", nilitaka ardhi ipasuke. Nikawa najiambia ile kumi na nne itakuvuta mbele. Kumbe ilikuwa inakuambia kila mwaka kwamba unashuka.

Hujawahi kushuka, Leticia. Mwaka wako wa kwanza Dar ulikimbia kumi na nane, yaani ulikuwa pale pale ulipokuwa. Tangu hapo umekuwa unapanda, na hapa duniani mtu aliyejua hivyo alikuwa mmoja, naye alinyamaza.

Namba ile isichapishwe kwenye fulana ya mtu. Sikuombi uendelee kukimbia, sina tena haki ya kukuomba hivyo. Ukitaka kuacha, acha kwa sababu umechoka, au kwa sababu umepata kitu kizuri zaidi cha kufanya asubuhi. Ninachokuomba ni usiache kwa sababu ya hesabu yangu ya kutoa. Nisamehe, mwanangu. Hata usipoweza leo, nitaendelea kushukuru kwa kila kilomita uliyonipa nafasi ya kuitazama.

Ni mimi mjomba wako, niliyefundisha hesabu miaka thelathini na miwili,
Anselmi


Kilema
17 Machi 2024

Mwanangu Leticia,

Salamu za Kwaresima. Huku tu wazima.

Wiki sita zimepita. Nilimsimamisha Eliasi barabarani, nikamwambia amepoteza barua yangu, akaapa kwa jina la mama yake kwamba aliiweka mkononi mwako. Nikamwomba radhi. Mama yako amekupigia simu mara tatu, na kila nikimuuliza anaandika kwenye kikaratasi neno moja: hajambo.

Kama hujambo, imetosha. Nilitaka tu ujue kwamba siongezi wala sipunguzi neno katika yale niliyoandika.

Anselmi


Kariakoo, Dar es Salaam
7 Aprili 2024

Mjomba, shikamoo.

Barua zote mbili zilifika. Eliasi hana kosa, aliyenyamaza ni mimi.

Huku mvua zimetuandama, Jangwani maji yamefunga njia mara mbili, na mwendokasi ukisimama mji wote unatembea kwa miguu. Pasaka niliimalizia kwa Joyceline. Mwezi wa Ramadhani unakaribia kwisha. Kocha Khalfani amefunga siku zote na bado anasimama jioni kutuhesabia mizunguko kwenye viwanja vya reli, midomo imemkauka, sauti haijapungua.

Nilipoisoma barua yako ya Februari niliikunja nikaitia kwenye boksi la vifungo vya makoti, kwa sababu Dar hakuna anayenunua vifungo vya makoti. Wiki mbili sikwenda mazoezini. Beno nilimwambia naumwa goti. Nilikuwa na hasira, mjomba, na sikujua niipeleke wapi, maana kumgombeza mtu asiyesikia ni kazi bure. Nilikuwa nahudumia wateja nikiwaza: miaka minane. Miaka minane najiuliza nilikosea nini. Nimeacha chai, nimeacha chumvi, nimebadilisha raba, nimelaumu joto la mji huu, nimejilaumu mwenyewe mpaka nikawa siwezi kufurahi nikiwa wa tatu. Yote hayo ungeyafuta kwa sentensi moja. Nakuandikia hivi kwa sababu nakuheshimu. Ningekuwa sikuheshimu ningekuambia si neno.

Wiki ya tatu nikalitoa daftari langu, nikaufuta ule mstari wa kwanza, nikaandika kumi na nane. Kisha nikasoma kuteremka. Mwaka 2016, kumi na nane. Uliofuata, kumi na nane kasoro kidogo. Kisha kumi na saba na nusu. Mwaka nilioumia nyonga, sikukimbia. Kumi na saba, miaka miwili mfululizo. Kumi na sita na sekunde hamsini. Kumi na sita na ishirini. Nilisimama katikati ya duka na daftari mkononi, na mteja anauliza zipu nyeusi, na mimi machozi yananitoka. Namba ni zile zile, mjomba. Nimezitazama miaka yote nikaona mtu anayeshindwa kurudi. Sasa naona mtu anayepanda polepole, bila kukata tamaa.

Nikampelekea kocha barua yako. Hili sikukuomba ruhusa. Aliisoma amekaa juu ya reli, akaisoma tena. Nilidhani atafoka. Akaniambia, "Leticia, mimi kila mwaka najua nilimharibu mtoto wa watu. Alikuja na kumi na nne, mimi nikampa kumi na nane. Nilishataka kuacha kufundisha, unajua?" Sikujua. Hakuwahi kuniambia. Akaendelea, "Huyo mjomba wako angekuwa hapa ningempiga kofi, halafu ningemkumbatia." Nikamwambia ulishazeeka, akasema basi atakukumbatia kwanza.

Na kuna jingine, ambalo limenichelewesha kuandika kuliko hasira. Kama siku ile ungesema kumi na nane, baba asingeniruhusu. Nisingekuja. Nisingemjua Joyceline wala kocha, nisingekimbia alfajiri mitaa hii ambayo sasa naijua kuliko njia ya kwetu. Kosa lako ndilo lililonileta, na kunyamaza kwako ndiko kulikoniumiza. Nimekasirika na nashukuru, na sijui nianze na kipi, kwa hiyo nimekuandikia vyote.

Fulana tumezizuia. Fundi amelalamika, tumemwambia asubiri. Tarehe 28 nitakimbia, zaidi ya hapo sijaamua. Usiniandikie mpaka mbio ziishe. Si kwa ubaya. Nataka mara moja nikimbie bila sauti ya mtu kichwani, hata yako.

Leticia


Kariakoo, Dar es Salaam
1 Mei 2024

Mjomba wangu Anselmi, shikamoo.

Leo ni Mei Mosi, duka limefungwa, na nimekaa kibarazani Ilala na miguu iko ndani ya beseni la maji ya chumvi. Ukucha mmoja umekwenda na maji. Mwambie mama sijambo kabisa na asianze kutuma dawa. Beno amepata mtoto wa kike juzi, hajalala tangu hapo, na anamwambia kila mteja kwamba mtoto amefanana naye. Mteja mwema anakubali.

Jumapili mvua ilianza kabla yetu. Mgeni rasmi aliwahi, kwa taarifa yako. Tuliondoka maji yakiwa yamefika kwenye kamba za raba, na kilomita tano za kwanza sikuwa naona kitu zaidi ya migongo ya watu. Sikuvaa saa. Nilimwambia kocha asinipigie kelele za dakika njiani, anipigie kelele za aina nyingine yoyote, naye akatimiza. Mtaa wa Msimbazi wenye maduka walikuwa wamejibanza kwenye vibaraza, mama mmoja akanipigia sufuria kwa mwiko. Kilomita ya kumi na sita mwili ukaniambia yale unayosemaga siku zote, kwamba hapa ndipo tunapoishia kila mwaka. Zamani ningeanza kuhesabu nimebakiza ngapi kufikia kumi na nne, na hesabu yenyewe ingenimaliza nguvu. Safari hii hakukuwa na cha kuhesabu. Nikamfuata tu dada mmoja wa fulana ya kijani, na alipochoka nikampita, nikatafuta mwingine.

Nimekuwa wa nne. Saa moja, dakika kumi na tano, sekunde thelathini na moja. Ni muda wa mashine, mjomba, upo kwenye karatasi yao na jina langu limeandikwa bila kukosewa. Katika maisha yangu yote sijawahi kukimbia hivyo. Nilipoambiwa nilikaa chini kwenye maji. Joyceline naye akakaa. Kocha Khalfani alisimama mbele yetu na mwavuli ambao hakuufungua, akasema, "Muda wako bora," akasema tena, "Huu ndio muda wako bora," kisha akageuka kutazama upande wa reli kwa muda mrefu.

Nilitaka kukupigia simu hapo hapo, nikakumbuka. Kwa hiyo nakuandikia kwa herufi kubwa kidogo: AHSANTE. Kwa asubuhi zote za saa kumi na mbili kamili. Kwa kumshawishi baba. Kwa kuniambia kweli ukiwa na umri ambao wengine wangeona heri kufa nayo. Nilikusamehe mahali fulani kati ya Pasaka na mbio, siku sikuiandika.

Njoo Dar mwezi wa saba, kahawa ikishavunwa. Utalala kwa Beno, utambeba mtoto, wewe huwezi kusikia kelele zake. Kocha anadai lile kofi lake na lile kumbatio, na nimemwambia achague moja.

Fulana hazikuchapwa, kwa sababu hakuna anayeagwa. Jana kocha aliniuliza lengo la msimu ujao, mbele ya klabu nzima, nami nikamjibu bila kufikiri: saa moja na dakika kumi na nne. Watu walicheka kwa kuwa kisa chako sasa kila mtu anakijua. Mimi sikucheka. Imebaki dakika moja na sekunde thelathini na moja, na miguu ninayo. Siku nitakapoifikia, mjomba, hutakuwa umenidanganya. Utakuwa ulitangulia tu kusema.

Mpwa wako,
Leticia